Nimeonyesha Mean Creek kibandani, watu wakashangilia mtoto akizama. Kosa ni la mdomo wangu?

FundiMaiki_Katonga

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nina kibanda umiza hapa Katonga, Kigoma, mwaka wa tisa huu. Mabenchi kumi na mawili, skrini ya inchi 50, sabufa mbili na maiki. Mpira buku, muvi mia tano, watoto mchana mia mbili. Mikanda iliyokwisha kutiwa maneno na madijei wa Dar naiweka inajiendea yenyewe. Nikipata ambao haujatafsiriwa, natia maneno mwenyewe papo kwa papo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nikaongezea cha miaka miwili ya kuwabebea mizigo watalii wa Gombe. Kwa picha za bastola na magari kinatosha sana. Safari hii kiliniangusha, au niliangushwa na kitu kingine, ndiyo maana nauliza.

Kwa mlio mbali na ziwa: dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa kazi, samaki hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi inalala ufukweni na wavuvi wanakesha kwangu. Mbalamwezi ndiyo mavuno yangu. Napiga mikanda miwili kwa usiku.

Mbalamwezi iliyopita nikaishiwa mikanda mipya. Kwenye fleshi ya jamaa mmoja wa Mwanga nikakuta Mean Creek, ya Marekani, ya mwaka 2004, dakika tisini hivi. Nikaonja mwanzo wake: mtoto mwembamba anaitwa Sam anapigwa uwanja wa basketiboli na bonge la mtoto wa shuleni kwao, kisa kagusa kamera yake. Nikajua hapa pana kisasi, na kisasi kinauza. Sikuendelea kutazama. Kosa la kwanza hilo, naliandika mwenyewe kabla hamjaniandikia.

Ubaoni nje nikaandika kwa chaki: LEO NI MDOGO WAKE YULE MTOTO ALIYEACHWA NYUMBANI AKAWATESA WEZI. Si uongo. Anayeigiza Sam ni Rory Culkin, na Macaulay Culkin, yule mtoto wa Home Alone, ni kaka yake tumbo moja. Kibanda kikafurika hadi watu wakakalia ndoo. Wote wanangoja mitego ya wezi.

Kwa ambao hawajaiona, hadithi yenyewe hii hapa. Sam anamwambia kaka yake Rocky kwamba kapigwa na George. Rocky na rafiki yake Marty wanapanga kumkomesha: wamdanganye ni siku ya kuzaliwa ya Sam, wampeleke mtoni na mashua, wacheze ule mchezo wa "sema kweli au fanya utakaloambiwa", wamvue nguo, wamwache arudi kwao uchi. Basi. Kumwaibisha tu.

Sasa kwenye kutia maneno lazima uwape watu majina yanayokaa mdomoni. Sam nikamwita Samweli. Marty nikamwita Matata. George nikamwita Bonge, na ngumi ya kwanza tu aliporusha nikatangaza kwa sauti yangu ile nzito: "Huyuuu ndiye adui!" Ndiyo desturi yetu. Mtazamaji anataka ajulishwe mapema steringi nani na adui nani, aweke moyo wake mahali pake.

Shida ikaanza Bonge alipotokea asubuhi ya safari. Anacheka. Kamletea Sam zawadi ya siku ya kuzaliwa. Anaongea bila kupumzika, kama mtoto ambaye hajaalikwa popote kwa muda mrefu. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akauliza kwa sauti: "Fundi, mbona adui kaja na zawadi?" Nikamjibu kwenye maiki: "Ujanja wa adui huo, mzee wangu!" Kibanda kikacheka.

Halafu hapa ndipo pananiuma. Wakiwa mtoni, wale watoto wanaingiwa na huruma. Sam mwenyewe anamwambia kaka yake jambo lile liachwe, na Millie, binti rafiki yake Sam waliyekuja naye, hataki kabisa. Wanakubaliana kuacha. Wakuu, maneno hayo niliyasikia vizuri, ni Kiingereza chepesi. Sikuyatafsiri. Niliona nikiyasema nyumba itapoa, watu wamelipa waone mtu anakomeshwa. Nikajaza maneno yangu: "Wanapanga, wanapanga, subirini!"

Kwa hiyo Bonge alipochokozwa na Matata, naye akalipuka akawatukana wote, akamsimanga Matata kwa baba yake aliyejiua, watu wangu wakawa wameshaiva. Purukushani ikatokea mashuani, Rocky anajaribu kumzuia Matata, na ni yeye Rocky ambaye bila kukusudia anamtumbukiza George. Hajui kuogelea. Kibanda kizima juu! Miluzi, mabenchi yanagongwa. Mtoto yule anatapatapa, miluzi. Anazama, miluzi. Hadi maji yakatulia kwenye skrini na bado kuna watu wanapiga makofi.

Wavuvi saba wa nyuma wakainuka kwa pamoja. Mmoja akasema neno moja tu: "Zima." Sikuzima. Wakatoka. Mmoja wao akasimama mlangoni akadai mia tano yake, nikampa.

Mwisho kabisa polisi wanaitazama kamera ya George. Yumo yeye, anajirekodi chumbani kwake, anaeleza kwamba anataka kuwa mtengeneza filamu, na kwamba labda mtu akija kuona maisha yake ataelewa yeye ni nani. Watoto wa mbele wakapiga kelele "Fundi tafsiri! Fundi tafsiri!" Nikazima maiki. Sauti ilikuwa haitoki.

Maswali yangu mawili. Kwanza, walioitazama bila mtu wa kuwatafsiria, na nyie mlishangilia? Au ni mimi nilimuua yule mtoto kwa mdomo kabla maji hayajamuua? Pili, niirudie au niitupe?

---

Chuma_cha_Isevya

Mkuu unajitesa bure. Kanuni ni moja tangu enzi za mikanda ya VHS: steringi hafi. Bonge kafa, maana yake hakuwa steringi, maana yake adui, maana yake miluzi ni halali. Huku Tabora ungerudishiwa mabenchi yakiwa vipande kwa kudanganya watu na mitego ya wezi, hilo ndilo kosa lako. Tuletee Wahindi.

---

Mwalimu_Gungu

Kaka yangu, pole. Mimi niliitazama kwenye kompyuta ya mwanangu, hakuna aliyenitafsiria, na sikushangilia. Lakini nisijisifu: dakika ya kumi nilikuwa namchukia yule mtoto kabisa, nikasema moyoni ningempata darasani kwangu angenijua.

Nina swali. Pale mashuani George anapowaeleza kuhusu tabu yake ya kusoma, wewe ulisemaje? Maana wengi hubabaika hapo. Ni tatizo linalojulikana, linaitwa disleksia: mtoto ana akili timamu kabisa ila ubongo wake unapata tabu kuunganisha herufi na sauti zake. Halihusiani na uvivu wala uzito wa kichwa.

Nauliza kwa sababu ninaye wa hivyo darasa la nne. Tukisoma kwa zamu, mstari ukimkaribia, ukibaki watoto watatu hivi kabla yake, anamfinya jirani au anamrushia mtu daftari. Kila siku. Namtoa nje. Muhula mzima nilidhani namwadhibu, kumbe nampa alichokuwa anakitafuta: asisome mbele ya wenzake. Sasa namsomesha peke yake mapumziko, na daftari zimeacha kuruka, ingawa kufinya bado anafinya, tusidanganyane.

Na hilo la kuwaingiza watoto mchana kwa mia mbili tutaliongea siku nyingine. Picha ile ina bangi na matusi ya nguoni. Kwao Marekani imewekewa alama ya R, mtoto wa chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi.

---

FundiMaiki_Katonga

Mwalimu shikamoo. Nitasema ukweli kwa kuwa nimeshaanza. Pale nilitafsiri hivi: "Bonge anasema yeye mgonjwa wa kichwa." Watu walicheka sana.

Sikujua kitu hicho kina maelezo. Nilisikia neno refu nikalipita.

Mkanda niliuonyesha saa tatu usiku, watoto hawaruhusiwi. Wale wa mbele walipenya chini ya turubai. Najua siyo jibu.

---

Kipe_Namba_Saba

Mimi ndiye niliyedai mia tano.

Fundi, tusikupake matope yote. Wengine pale walikuwa washangilie hata ungewasomea Zaburi. Ila nikueleze kwa nini tuliinuka, maana umeandika kama vile tulikukasirikia wewe.

Kwenye mtumbwi mmoja sisi ni watu wanane, wengine hawajui kuogelea. Ndiyo, wavuvi. Unashangaa, lakini zunguka Kibirizi uulize. Kusi likivuma usiku mtu akiteleza, taa zote zinamulika upande wake, hakuna anayeuliza yule kamkopa nani hela au kamtukana nani jana. Wavu unaachwa. Nimeshaona wavu mpya unaachwa uzame, mali ya mtu, kwa ajili ya kijana ambaye mchana wa siku hiyo hiyo alikuwa amepigana na nahodha. Tulimpata. Wengine hatukuwapata.

Sasa wewe unaniwekea mtu anazama, wenzake wamekaa mashuani wanatazama, na kibanda kinapiga miluzi. Masikio yangu hayakuweza. Baadaye nikasikia kwa vijana waliobaki kwamba wale watoto walimfukia palepale kando ya mto. Bila mama yake. Aliyezama huku kwetu ufukwe mzima unakaa, siku mbili, tatu, moto unawashwa, hadi ziwa limrudishe ndugu zake wamuone. Kumfukia kichakani kama mbwa, hapo picha ilikuwa imenishinda hata ningelipwa mimi.

Jambo jingine dogo. Mashua ile ina watu sita na hakuna boya hata moja la kuvaa. Huko kwao si wana hela?

---

Mpenda_Picha_Ujiji

Kaka Kipe, umesahau kwamba uliondoka. Kumfukia siyo mwisho. Inawashinda. Wote isipokuwa Marty wanakwenda mpaka mlangoni kwa mama yake George kumwambia, na Marty anakimbia. Wewe ungebaki ungeona hata wale watoto walijua ulichokiandika hapa.

Fundi, nami niseme langu. Mtengenezaji wake, Jacob Aaron Estes, aliandika na kuongoza mwenyewe, na ndiyo filamu ndefu yake ya kwanza. Haikuwa na hela za Hollywood. Mwaka 2005 ilipata tuzo ya John Cassavetes huko kwao, ambayo wakati huo ilikuwa ya filamu zilizotengenezwa kwa chini ya dola 500,000. Kwa kwetu utajiri, kwao hiyo ni hela ya chai. Maboya ya kuvaa hayakukosekana kwa bajeti lakini, hilo ni la hadithi.

Ninachotaka uone: picha imepangwa kukutega. Inakupa ngumi kwanza, zawadi baadaye. Inakuchukiza mtu, halafu inakuletea mtu yuleyule akiwa mpweke, kisha inampa mdomo mchafu tena umchukie upya, na ukiwa kwenye chuki hiyo ya pili ndipo anatumbukia. Kwa hiyo mtazamaji anayejisikia vibaya ndiye aliyelengwa. Watazamaji wako hawakutegwa kwa sababu wewe uliutegua mtego mapema ukawaambia adui ni huyu.

Na kamera ile anayoibeba tangu mwanzo ni ya mbabe mwenyewe. Yeye ndiye anayetaka kutuonyesha maisha yake. Ukamzimia maiki.

---

Mbabe_Mstaafu

Mmeanza kulia sana humu. Mimi nilikuwa George. Shule ya bweni, siitaji, miaka ya tisini. Kidato cha kwanza wote walinifulia. Maji ya kuoga ya njuka yalikuwa ya kwangu, sukari yao ya kwangu, na jumapili walinisimulia hadithi hadi nilale.

Sikuwa na ugonjwa wa kusoma. Baba alikuwepo, mama alikuwepo, chakula kilikuwepo. Nilikuwa naonea watu kwa sababu ni raha, na kwa sababu hakuna aliyenizuia. Ndicho kinachoniudhi kwenye picha za namna hii: lazima mbabe awe na kidonda fulani ndipo mumhurumie. Je, asipokuwa nacho? Mumzamishe?

Ni hilo tu. Sikumwomba mtu msamaha hapa, ninaotakiwa kuwaomba hawamo humu.

---

Mwalimu_Gungu

Mstaafu, swali lako nimelala nalo. Sina jibu la darasani.

---

Chuma_cha_Isevya

Mimi bado nasema tuletee Wahindi. Ila hilo la wavu mpya kuachwa uzame, daah. Mzee Kipe, shikamoo.

---

FundiMaiki_Katonga

MREJESHO

Wakuu, mbalamwezi imerudi, nimeirudia jana. Ubaoni niliandika jina la picha na neno WAKUBWA TU, na turubai nimelishonea chini kwa waya. Walikuja watu kumi na tisa. Usiku wa kwanza walikuwa zaidi ya tisini, kwa hiyo kibiashara ni msiba, mke wangu ameshaniambia.

Sikumtangaza adui. Samweli nikamrudisha kuwa Sam. Bonge nikamwita Joji, kama angekuwa mtoto wa jirani. La kusoma nililisema kama mwalimu alivyolieleza, nililikariri mchana kutwa, na bado nikajikwaa. Walipokubaliana kumwacha nikatafsiri kila neno, nikarudia mara mbili kwa makusudi: "Wameacha. Wamesema waache." Nikasikia mtu anashusha pumzi.

Lakini msidhani waligeuka malaika. Joji alipotoa yale matusi kuhusu baba wa Marty, kijana mmoja wa benchi la kwanza akasema "huyo azamishwe tu", na alipotumbukia akapiga mluzi. Mmoja. Akageuka nyuma kutafuta wenzake, hakuna aliyemfuata. Akavuta kofia yake chini. Sijui alikuwa anafikiri nini, sikumuuliza, kalipa mia tano yake kama wengine.

Mpenda Picha, kwenye kamera ya mwisho sikuzima maiki. Niliongea kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya nyumbani, siyo ile nzito. Sentensi mbili tatu zilinipita kwa sababu kijana yule anaongea haraka. Mzee wa benchi la nyuma, yuleyule wa zawadi, akauliza: "Kwa hiyo fundi, zawadi ilikuwa ya kweli?" Nikamwambia ilikuwa ya kweli, mzee wangu, nilikudanganya.

Mstaafu, kuna mtu alitoa hoja kama yako wakati wa kutoka. Walibishana njiani hadi kwa muuza kahawa, nikawasikia bado wanabishana wakati nazima jenereta.

Na Kipe Namba Saba, nilikuona. Ulisimama nje ya mlango umeipa skrini mgongo tangu mashua ilipoingia majini. Nilipunguza sabufa nikapandisha maiki kwa ajili yako. Mia tano sikukudai.

---

Kipe_Namba_Saba

Nilikuwa nangoja mtu.

Ila kule kwa mama yake mlangoni hukutafsiri vizuri, ulimeza maneno. Kesho kutwa mwezi unachelewa kutoka, tunaingia majini. Usiifute kwenye fleshi. Mbalamwezi ijayo uipige tena kuanzia pale mlangoni, nitakuja na nahodha.